Matanga ya Mtungi wa Gesi

Kuna nchi inaitwa Jamhuri ya Tushukuru. Msihangaike kuitafuta kwenye ramani. Iko mbali sana na kwenu, haifanani kabisa na kwenu, na mtu yeyote atakayesoma haya akatikisa kichwa na kusema "hii naijua" atakuwa amejisema mwenyewe, na wahusika watapenda kuzungumza naye.

Ni nchi iliyobarikiwa. Chini ya bahari yake imelala gesi asilia nyingi kiasi kwamba siku ilipogunduliwa Rais alitangaza mapumziko ya taifa zima, na watoto waliozaliwa juma lile wakapewa majina ya Gesi, Bomba na Neema. Bunge nalo likapitisha sheria mbili kwa kikao kimoja. Ya kwanza ilipiga marufuku kuni na mkaa katika maeneo yote ya mijini, kwa sababu ni aibu watu waliolalia gesi kupikia moshi. Ya pili, iliyoitwa Sheria ya Kifua, ilikuwa ya huruma: endapo bei ya mtungi wa gesi mjini itakuwa mbaya, kila nyumba ya mjini yenye mgonjwa wa kifua itapewa gesi bure mpaka bei itakapokuwa nzuri tena. Wabunge walilia walipoipitisha. Mmoja alizimia, ikabidi apepewe kwa nakala ya muswada.

Kilichobaki kilikuwa kidogo tu, nacho ni kujua kama bei ni nzuri au mbaya. Kwa kazi hiyo ikaundwa Idara ya Kufuatilia Bei ya Gesi Asilia ya Majumbani Mijini, ikapewa jengo refu, magari yenye viyoyozi, na Mkurugenzi, Daktari Ndimbo, msomi aliyekwenda ng'ambo kusomea bei akarudi na koti zito ambalo hakulivua tena, jua liwake lisiwake.

Daktari Ndimbo alianza kwa kuandika mwongozo. Mfuatiliaji akifika dukani, ulisema mwongozo, aanze kwa adabu, kwani sisi si watu wa porini. Aulize: "Habari za bei?" Muuza gesi akishajibu, jibu lake la kwanza liandikwe hapo hapo, mfuatiliaji ashukuru na aondoke, kwa kuwa muda wa mwananchi una thamani.

Sasa, watu wa Tushukuru wamelelewa wakaleleka. Ukimuuliza mtu habari, anajibu nzuri. Anaweza kuwa amelazwa wodini na mguu umening'inizwa juu, atajibu nzuri. Anaweza kuwa anatazama nyumba yake inaungua, atajibu nzuri, kisha atavuta pumzi, atasema "ila", na baada ya hiyo ila ndipo utakapoyasikia ya moyoni. Kuanza na ila ni utovu wa adabu ambao hata walevi hawaufanyi. Lakini mwongozo wa Daktari Ndimbo ulikoma kwenye nzuri. Yale ya baadaye yalikuwa kazi ya Idara ya Ila, ambayo ilikuwa bado haijapatiwa jengo.

Kwa hiyo, mwaka ule mtungi ulipopanda bei mpaka mwalimu wa shule akiununua anabaki na sare tu, takwimu za taifa zilionyesha kwamba bei ya gesi mijini ni nzuri, kama ilivyokuwa mwezi uliotangulia, na ule wa kabla yake. Wageni walikuja kutoka mabara mengine kujifunza siri ya mafanikio hayo. Walikaribishwa chai.

*

Mmoja wa wafuatiliaji hao alikuwa Arafa binti Mwinshehe, mama wa makamo wa Mtaa wa Tupendane, pembezoni mwa Fanaka, mji mkuu. Alikuwa mtu wa maneno machache na hatua ndefu, na kazi yake aliifanya bila kulala njiani. Kila asubuhi alipita duka hadi duka, akauliza habari za bei, akaambiwa nzuri, akaandika nzuri. Miaka yote hiyo hakuona tatizo. Kusema kweli, wengi wetu hatuoni tatizo mpaka litukalie kitandani.

La Arafa lilikuwa limekalia kitanda hasa. Mumewe, Shomari, alifanya kazi kiwanda cha kuchambua pamba tangu ujana wake, akavuta vumbi la pamba mpaka kifua kikakataa. Kiwanda kilimpa cheti cha shukrani na kumrudisha nyumbani. Alikuwa mwanamume mcheshi, mwenye sauti iliyowahi kuimba kwenye harusi za mtaa mzima, na sasa akipanda ngazi mbili za kibaraza alikaa chini kama mtu aliyebeba gunia. Daktari wa zahanati hakumficha mkewe. "Dawa atakunywa," alisema, "lakini moshi ndio utakaomuua. Kama mnapika kwa gesi, atakaa. Mkirudi kwenye mkaa, mama, mimi sina la kukuambia."

Na gesi ilikuwa imekwisha. Arafa alikuwa amekwishautikisa mtungi, akaulaza, akausimamisha, akaumwagia maji ya moto chini kama wanavyofanya watu waliokata tamaa. Ulitoa mwali wa bluu mdogo wa kuaga, ukazima.

"Leo umewauliza?" Shomari alimwuliza jioni ile, wakila mkate mkavu na maji.

"Nimewauliza."

"Wamesemaje?"

"Nzuri."

Shomari akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikamkunja, na Arafa akamshika mgongo mpaka kikapita. "Mke wangu," alisema alipopata pumzi, "nchi hii itanizika kwa adabu."

"Usiseme hivyo."

"Basi nasema nzuri."

Majirani nao walikuwa hawana gesi, na tumbo halisubiri takwimu. Mama Sikujua, wa nyumba ya pili, alikuwa akiwasha jiko la mkaa ndani ya choo akajifungia nalo, ili Askari wa Moshi wasimnuse. Askari hao walipita mitaani na pua zao, mmoja mbele mmoja nyuma, na aliyekamatwa anapika maharage alifikishwa mahakamani na sufuria lake kama kielelezo. Lakini moshi wa chooni hutafuta njia, na njia yake ilikuwa dirisha la Shomari. Usiku wa siku hizo alilala ameketi. Arafa alimsikiliza akivuta hewa kama mtu anayevuta ndoo kwenye kisima kirefu, na kila ndoo ilipochelewa, moyo wake yeye ulisimama. Aliogopa, na hakuona haya kuogopa.

Alichohitaji ni neno moja. Muuza gesi mmoja, popote pale mjini, aseme "mbaya" kabla hajasema kitu kingine. Hapo Sheria ya Kifua ingeamka usingizini na Shomari angepata mtungi.

*

Akaanza na Mzee Kitwana, muuza gesi wa Tupendane, mtu wa umri wa babu, kofia ya vito kichwani, na ghala nyuma ya duka lililojaa mitungi ambayo hakuna aliyeweza kuinunua.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu Arafa. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za bei?"

"Nzuri, mwanangu, tunashukuru. Ila sasa..."

"Baba, hapo hapo." Arafa akamsogelea. "Nakuomba kitu. Nikikuuliza, niambie mbaya. Moja kwa moja. Usianze na nzuri."

Mzee Kitwana akamtazama kama aliyeambiwa avue nguo barabarani. "Mbaya? Mtu ananiuliza habari nimwambie mbaya? Marehemu mama yangu akisikia?"

"Shomari hapumui, baba."

Mzee akainamisha kichwa. Alimpenda Shomari, ndiye aliyemwimbia kwenye harusi ya binti yake. Akakohoa, akaweka kofia sawa, akashika meza kwa mikono miwili. "Haya. Niulize."

"Habari za bei?"

"Nz..." Akajifinya. "Ngoja. Rudia."

"Habari za bei, baba?"

Jasho likamtoka. Mdomo ulifunguka, ukafungwa, ukafunguka. Mwishowe akafumba macho na kulitema: "Mbaya!"

Arafa hakupata hata nafasi ya kuandika. Wanawake wawili waliokuwa wakinunua chumvi duka la jirani waliweka mikono kichwani. "Yarabi, nani kafariki?" Mmoja akapiga yowe. Watu wakatoka nyumbani. Mtu akafunga duka lake kwa heshima, mwingine akaleta viti, na vijana wakaanza kuulizana makaburi gani. Mzee Kitwana alisimama katikati akipewa mikono ya pole na kuingiziwa rambirambi mfukoni, akilia machozi ya kweli kwa aibu. "Nzuri!" alipiga kelele. "Jamani, bei ni nzuri! Sijafiwa!"

Na kwa kuwa hilo ndilo lililosikika mtaa mzima, ndilo Arafa alilolazimika kuandika.

*

Akapiga moyo konde, akaenda kwa Mkurugenzi mwenyewe.

Ofisi ya Daktari Ndimbo ilikuwa na mchoro mmoja tu ukutani, mstari wa kijani ulionyooka tangu mlangoni hadi dirishani. Ulikuwa mwenendo wa bei. Fundi rangi alikuwa nje kwenye ngazi, akiuendeleza upande wa pili wa jengo.

"Shikamoo, Mkurugenzi."

"Marahaba, Bi Arafa. Keti. Habari za nyumbani?"

"Nzuri," alisema Arafa, na akatamani aukate ulimi wake. "Nzuri, Mkurugenzi, ila..."

Daktari Ndimbo akainua kidole. Uso wake uling'aa kwa furaha ya mwalimu. "Umejisikia? Umesema nzuri. Hakuna aliyekulazimisha. Hakuna polisi hapa. Hiyo ndiyo takwimu, Bi Arafa, inatoka yenyewe, safi, kama maziwa. Halafu ukataka kuiharibu kwa ila. Nzuri ni takwimu. Ila ni hisia. Tukianza kufuatilia hisia za watu tutafika wapi? Nzuri ina mwisho, ila haina."

"Mume wangu anakufa, Mkurugenzi."

Daktari Ndimbo akavua miwani. Lazima isemwe kwamba hakuwa mtu katili. Alisikitika kweli, na hata koti lake lilionekana kusikitika. "Pole sana, dada yangu. Pole sana. Lakini sikiliza. Sheria ya Kifua haifunguliwi na mimi. Inafunguliwa na neno la muuza gesi, likiwa jibu la kwanza, kwa swali lililoulizwa kwa adabu. Niletee neno hilo, hata Rais hawezi kulifuta. Takwimu ikishaingia jengo hili haitoki. Tuliapa wote, pamoja na mpishi."

"Kwa adabu," Arafa alirudia.

"Adabu ndiyo msingi. Swali la mahali pake na wakati wake. Ukurasa wa kwanza wa mwongozo."

Arafa alishukuru, akaondoka. Njia nzima alikuwa akifikiria wanawake wa chumvi na mikono yao kichwani. Mahali pake na wakati wake. Kuna mahali pamoja tu Tushukuru nzima ambapo mtu mwenye malezi haulizi habari, wala haambiwi nzuri, na nani angemlaumu?

*

Kesho yake, nje ya nyumba ya Arafa, palitandikwa mikeka. Turubai likafungwa. Katikati ya mkeka mkubwa ulilazwa mtungi mtupu, umefunikwa shuka nyeupe mpaka shingoni. Wanawake wa Tupendane wakaketi kuuzunguka, kanga zimefunika vichwa, na wanaume wakakaa nje kwenye mabenchi wakizungumza kwa sauti za chini kuhusu marehemu, jinsi alivyokuwa mwepesi kuwaka, jinsi alivyotutoka ghafla.

Mwanzoni walikuja kwa ajili ya Shomari, na wengine kwa utani. Lakini mkeka wa msiba una nguvu zake. Mama Sikujua alipofika na kuuona mtungi umelala vile, alikumbuka watoto wake waliolala na uji wa unga mbichi, akaanguka kilio ambacho hakikuwa cha utani hata kidogo. Wenzake wakamfuata. Mzee Kitwana aliketishwa kichwani mwa mkeka, mahali pa mfiwa mkubwa, maana nani alikuwa karibu na marehemu kuliko yeye?

Arafa akaingia ndani, akavaa sare ya Idara, akatoka tena kupitia mlango wa mbele kama mgeni anayewasili. Akavua viatu. Akapiga magoti mbele ya mzee.

"Poleni sana, baba."

"Tumeshapoa, mwanangu."

"Kulikoni?"

Na Mzee Kitwana, ambaye malezi yake yalimbana koo miaka yote, safari hii yalimfungulia. Msibani mtu akiulizwa kulikoni, husema. "Mbaya, mwanangu!" alilia. "Bei ni mbaya, bei imetuua! Nina ghala limejaa na watu wanalala njaa mlangoni kwangu. Wananipita wanaangalia chini, na mimi naangalia chini. Mbaya, mbaya, mbaya!"

Arafa aliandika la kwanza. Kupitia dirisha alimwona Shomari ameketi kitandani akimtazama, akitabasamu kama siku ile alipoimba akamwona yeye kwenye umati kwa mara ya kwanza.

Jioni neno liliingia jengo la Idara. Wanasema Daktari Ndimbo alilisoma akiwa amesimama, akaketi, akalisoma tena akiwa ameketi. Lilisomeka "mbaya" mara zote mbili. Akampigia Waziri.

*

Waziri wa Mwenendo wa Bei, Mheshimiwa Profesa Kwilasa, aliwasili Tupendane Jumamosi asubuhi na bendi ya matarumbeta. Nyuma ya gari lake yalifuata malori yaliyofunikwa maturubai, na watu walipoyaona waliguna kwa furaha, maana ni nini kingine kingekuwa mle kama si mitungi? Arafa aliketi safu ya mbele, amevaa sare yake ya Idara. Nyumbani Shomari alikuwa ameomba kunyolewa ndevu, ili mtungi ukija umkute mtanashati.

"Ndugu wananchi!" Waziri alianza. "Kuna wachache, wasioitakia mema nchi yetu, walitarajia kwamba serikali hii itaifuta takwimu yenu. Nawaambia: hatufuti! Takwimu ni mboni ya jicho la taifa. Mmesema bei ya gesi kwenu ni mbaya. Tumewasikia. Tumewaamini. Tumewaamini kiasi cha kukosa usingizi!"

Makofi. Tarumbeta moja.

"Wataalamu wetu wakaketi. Wakachambua. Wakasema: bei ya gesi mjini ni nzuri, hilo linajulikana tangu Idara ianzishwe, na wageni wa mabara yote ni mashahidi. Tupendane bei ni mbaya. Nalo ni kweli. Sasa kweli mbili haziwezi kugombana katika nchi ya amani. Ndipo wataalamu wakajiuliza swali moja la kisayansi." Akanywa maji. "Je, Tupendane ni mjini?"

Watu wakatazamana.

"Haiwezekani!" Waziri aliwasaidia. "Haiwezekani, ndugu zangu! Tulikosea kuwaita watu wa mjini, na serikali sikivu inapokosea inasahihisha. Kuanzia saa hii, kwa mamlaka niliyopewa, natangaza kwamba Tupendane ni kijiji! Hongereni sana!"

Bendi ikapiga. Afisa mmoja akapandisha kibao kilichokuwa tayari kimeandikwa. Mzee Kitwana alikabidhiwa jembe na jogoo kwa niaba ya wanakijiji, akasimama navyo, jogoo akimparua mkono.

"Na kijijini," Waziri aliendelea, akitoa tabasamu la mtu aliyebakiza zawadi kubwa, "marufuku ya kuni na mkaa haipo. Pikeni!"

Maturubai ya malori yakavutwa. Yalikuwa kuni, zimepangwa vizuri mpaka juu, na magunia ya mkaa.

Sipendi kuwasimulia kelele zilizofuata, kwa sababu zilikuwa za furaha, na watu wenye njaa wana haki ya kufurahi. Waliimba. Mama Sikujua alilia akimkumbatia afisa asiyemjua. Katikati ya kelele hizo Arafa alisimama, na ilichukua muda Waziri kumwona.

"Mheshimiwa. Na wagonjwa wa kifua?"

"Swali zuri sana! Mama huyu apigiwe makofi." Akapigiwa. "Sheria ya Kifua, mama, ni ya mjini. Lakini mumeo ana bahati kuliko wote hapa. Madaktari wa dunia nzima huwaambia wagonjwa wa kifua nini? Waende wakapumzike kijijini. Wengine wanauza mali kupata nauli. Yeye kijiji kimemfuata kitandani!"

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Waziri naye akacheka, akampungia mkono, akaingia garini na kufunga kioo.

*

Kabla ya adhuhuri mafiga yalikuwa mbele ya kila mlango. Kuni zilikuwa mbichi. Mtaa mzima, samahani, kijiji kizima kilipika kwa wakati mmoja chakula ambacho hakikuwa kimepikwa kwa majuma, na moshi ukalala chini juu ya paa kama blanketi, mzito, wenye harufu ya maharage na vitunguu.

Arafa alikuwa ameziba dirisha kwa godoro na mlango kwa kanga zilizoloweshwa. Moshi uliingia hivyo hivyo. Shomari hakukohoa tena. Kukohoa kunataka hewa. Shingo yake ilichimbika kila alipovuta, na midomo ilikuwa imebadilika rangi, na macho yake yalimtafuta mkewe.

Arafa akachukua ndoo ya maji, akatoka. Alikuwa amekusudia kuanza na moto wa Mama Sikujua, kisha unaofuata, kisha unaofuata, mpaka kijiji chote kizime au wamvunje mikono. Watoto watano walikuwa wamechuchumaa kuzunguka sufuria, hawasemi, wanatazama mapovu. Mdogo alikuwa ameshika sahani kwa mikono yote miwili.

"Shoga!" Mama Sikujua alimwona, uso umejaa machozi ya moshi na furaha. "Umetuokoa, mwenzangu. Mungu akulipe. Nataka nimletee shemeji sahani ya kwanza kabisa."

Ndoo ilikuwa nzito. Arafa aliiweka chini. Alitaka kumchukia mwanamke yule na alishindwa, na hilo lilimuuma kuliko chuki yenyewe ingemuuma.

Akakimbilia kwa Mzee Kitwana. Mzee hakuuliza habari. Alimwangusha jogoo, akatoa mkokoteni wa kubebea mitungi, wakamlaza Shomari juu ya shuka nyeupe ile ile iliyobaki matangani. Arafa akashika mipini na kusukuma. Ng'ambo ya barabara kuu kulikuwa na Mtaa wa Mwangaza, na Mwangaza ulikuwa bado ni mjini. Mjini hakuna moshi, ni sheria.

"Tunafika," alimwambia. "Vuta, mume wangu. Kule hewa ni safi. Tunafika sasa hivi, vuta."

Magurudumu yalipiga kelele juu ya mawe. Walivuka barabara, na kweli, hewa ilikuwa safi. Arafa aliisikia puani, akaanza kucheka na kulia pamoja. Kisha akakunja kona ya kwanza ya Mwangaza.

Mikeka ilikuwa imetandikwa mtaa mzima, kila mlango na mkeka wake, na juu ya kila mkeka mtungi uliofunikwa shuka. Habari za Tupendane zilikuwa zimefika kabla yao. Wanawake wa Mwangaza walikuwa wameketi na kanga vichwani, lakini kilio kilikuwa hakijawatoka vizuri. Walikuwa wageni wa shughuli hiyo na wengine walikuwa wakichekacheka. Mmoja akainua uso, akaiona sare.

"Jamani, ndiye huyu! Ndiye aliyewapatia wenzetu kijiji!"

Wakanyanyuka. Wakamzunguka, wakamshika mikono. "Mama, tufundishe na sisi. Mfuatiliaji wetu yuko njiani na sisi hatujui kulia. Ongoza, mama. Lia kidogo tu, tukufuate."

"Naomba mnipishe," Arafa alisema. "Nina mgonjwa. Mume wangu..." Akageuka kumwonyesha.

Shomari alikuwa amelala kama alivyomlaza, ndevu zake zimenyolewa vizuri, uso umeelekea upande wa hewa safi. Arafa akamwita. Akamwita tena kwa jina lake la utani, lile la siku za harusi, ambalo hakuna mwingine aliyelijua. Halafu sauti ikamtoka ambayo hata yeye hakujua kwamba anayo.

Mwangaza mzima ukatetemeka. "Sikilizeni," mama mmoja alimnong'oneza mwenzake kwa heshima. "Mnasikia anavyolia? Hivyo ndivyo inavyotakiwa." Na wote wakavuta pumzi, wakaanza kumfuata, sauti juu ya sauti, mlango kwa mlango, vizuri sasa, vizuri sana, na mfuatiliaji wa Mwangaza alipotokea mwisho wa barabara alivua viatu mbali kabisa, akashika kalamu.

Ni mwanamke mmoja tu, aliyesimama karibu na mkokoteni, aliyemgusa Shomari mkono ili amsogeze kivulini. Akaushika mkono ule, akautazama, akanyamaza. Kisha akavua kanga yake kichwani, akamfunika.